Nusu ya Kushoto: Maisha ya Phoebe Kadzo Garama, Mchoraji wa Vitabu vya Watoto (1986–2025)

Familia hii ilikuwa imejiandaa kwa upasuaji, si kwa mazishi. Gauni la kutokea hospitalini lilikuwa limepigwa pasi na kutundikwa. Watoto wa maktaba walikuwa wameshachora kadi za "ugua pole" na kuzianika dirishani zikauke rangi. Hata mwenye duka aliyechapisha karatasi hizi mlizoshika alipopigiwa simu aliuliza mara mbili kama ni Phoebe yule yule aliyemchorea maua ya kadi za harusi mwezi wa nne. Ni yeye huyo. Wasifu huu unasomwa na kaka yake, Ngowa, ambaye mpaka jana alijikuta ameshika simu ampigie Phoebe amuulize tarehe za kuandika humu, kwa sababu katika nyumba yetu yeye ndiye aliyekuwa akizikumbuka.

Phoebe Kadzo Garama alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1986, Bamburi, akiwa mtoto wa pili na binti wa pekee wa Mzee Garama Ngowa, aliyeketi hapa mbele, na marehemu Bi Dama. Mzee alikuwa akifanya kazi kiwandani, na jioni alirudi na mifuko ya saruji iliyochanika. Bi Dama aliikung'uta vumbi, akaipasua, akatoa karatasi ya ndani iliyo safi, na hiyo ndiyo iliyokuwa daftari la kwanza la Phoebe. Kalamu ilikuwa mkaa wa jikoni. Akiwa na umri wa miaka sita alimchora baba yake amelala kitini baada ya zamu ya usiku, kinywa wazi, soksi moja ina tundu, akaibandika picha nyuma ya mlango. Mchungaji alipokuja kutembelea, mlango ukafungwa, na picha ikawa inamtazama muda wote wa maombi. Mzee Garama angeweza kukasirika. Badala yake alisema, "Mchungaji, nisamehe, lakini hapo mtoto hakusema uongo."

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Bamburi kuanzia mwaka 1993 hadi 2000, kisha sekondari Kisauni, akamaliza mwaka 2004. Hesabu zilimtoa jasho, na wenzake waliokaa naye dawati moja wanajua kwamba walimfanyia hesabu naye akawachorea chura na mzizi wa mharagwe katika somo la sayansi, biashara ambayo walimu waliigundua baada ya kuona vyura wa darasa zima wana kope. Aliitwa ofisini. Alitoka huko na adhabu ya kuchora picha zote za ukuta wa darasa la kwanza, na aliwahi kusema kwamba hakuna adhabu aliyoifurahia maishani mwake kuliko hiyo. Kati ya mwaka 2006 na 2008 alisomea usanii katika chuo cha ufundi, Mombasa, akapata stashahada.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Bombolulu, katika karakana moja ya kazi za mikono, akibuni michoro ya vitambaa. Mwaka 2011 mchapishaji wa vitabu aliona kitambaa chake chenye kuku wanaogombana, akamtafuta. Kuanzia hapo Phoebe alichora vitabu vya watoto, na wazazi wengi mlioko hapa mmevisoma hadi mkavichoka, hasa kile cha mbuzi aliyekula sabuni. Alikuwa na ubishi katika kazi. Hakukubali kuchora mtoto wa hadithi asiye na kwao. Kama hadithi inasema mama anakaanga samaki, alitaka kujua ni samaki gani, na jiko ni la mkaa au la mafuta. Mhariri wake, aliyesafiri kutoka Nairobi kuja kumzika, anasema simu za Phoebe zilikuwa ndefu kuliko hadithi zenyewe.

Mwaka 2016 alianza kushughulika na watoto kila Jumamosi katika maktaba ya Makumbusho ya Matumbawe, Bamburi, pamoja na mkutubi wake, Bi Samiha. Ukiingia, kwanza unaviona vile visukuku, samaki na konokono waliogeuka mawe, vilivyotolewa machimboni, halafu nyuma kuna chumba cha vitabu, na humo ndimo alimotawala. Kitabu kilifunguliwa, maneno yakafunikwa kwa kipande cha kadibodi, na watoto wakaisoma picha kwanza: nani anaogopa, nani ana njaa, nani amemficha nani. Baada ya hapo walichora wenyewe kwa bizari, mkaa na hina, na kila mzazi aliyempeleka mtoto na shati jeupe alirudi naye akinung'unika. Ilikuwa mwiko humo ndani kumwambia mtoto kwamba hicho alichochora si ng'ombe. Phoebe aliuliza tu, "Ng'ombe wako anaitwa nani?" na mtoto akataja jina, na kuanzia hapo ni ng'ombe.

Alikuwa na fundisho jingine ambalo watoto walilijua kwa moyo, na ni lazima lielezwe hapa kwa sababu ya yale yanayofuata. Mchoraji wa vitabu hajazi ukurasa wote. Huacha mahali peupe ambapo maneno yatachapishwa. Phoebe aliwaambia watoto, "Maneno nayo ni wageni, yawekeeni pa kukaa." Basi pale maktabani hakuna aliyeshangaa kuona karatasi yenye upande mtupu.

Alifunga ndoa na Bwana Maxwell Mutua, karani wa bandarini, Jumamosi tarehe 8 Desemba 2012. Walikutana karakanani Bombolulu, Mutua alipokwenda kununua zawadi ya kumpelekea mama yake Ukambani. Alisitasita sana kuchagua, na alipofika nyumbani akakuta karatasi ya kufungia zawadi imechorwa mtu mrefu anayekuna kichwa mbele ya mikoba. Alirudi siku ya pili kulalamika, na ya tatu kulalamika tena, mpaka mafundi wakamwambia aseme tu shida yake. Mungu aliwajalia binti mmoja, Nduku, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2014 na kuitwa jina la bibi yake mzaa baba. Waliishi Bombolulu katika vyumba vya kupanga huku wakijenga hapa mtaani Shika Adabu, na nyumba mnayoiona imefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Chumba chenye dirisha kubwa kilikusudiwa kuwa chake cha kuchorea.

Ugonjwa wake ndio ambao mpaka leo tukiutaja tunatazamana. Phoebe hakulala kitandani hata siku moja kabla ya mwisho wa Agosti. Hakupunguza mwili wala hakulalamika, isipokuwa kichwa kumuuma, na kichwa cha mtu anayechora mchana kutwa kinauma, basi akabadilisha miwani. Mwezi wa Mei alianza kuacha wazi upande wa kushoto wa karatasi. Alikuwa akikichora kitabu kipya kuhusu Bi Sabah, muuza kuku wa sokoni Kongowea, na kila ukurasa ulikuwa na watu, vikapu na kuku upande wa kulia, na kushoto peupe kabisa. Mhariri alimpigia simu kumshukuru. "Phoebe, safi sana, safari hii umetuachia nafasi ya maneno ya kutosha." Phoebe alicheka na kusema asante, ingawa baadaye alimuuliza mumewe nafasi gani hiyo anayosifiwa.

Jumamosi moja ya Juni aliwachorea watoto mbuzi mkubwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Alichora kichwa, shingo na miguu ya mbele, kisha akaweka mkaa chini na kupangusa mikono. Nyuma, upande wa kushoto wa karatasi, hakukuwa na kitu.

"Mwalimu, mbuzi nusu!" watoto wakapiga kelele. "Mkia u wapi?"

Phoebe akawatazama, akamtazama mbuzi. "Nusu vipi? Mbuzi mzima huyo, wacheni utani."

Bi Samiha akacheka hadi akashika meza. "Mwalimu leo watutania. Haya wanangu, mwalimu amewaachia nusu, mmalizieni!"

Wakammaliza. Mmoja akamtia mkia wa samaki, mwingine magurudumu. Siku hiyo ukazaliwa Mchezo wa Nusu, na kwa wiki nyingi ukawa mchezo uliopendwa kuliko yote pale makumbusho. Wazazi walipiga picha. Tulipiga makofi, sote, na Ngowa anayesoma haya alikuwepo na alipiga kuwashinda wengine.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yakisema na hakuna aliyesikia. Phoebe alikula wali upande mmoja wa sahani na kuacha upande wa pili kama ulivyopakuliwa, na Mutua akamtania kwamba siku hizi mke wake anambakishia kama bwana harusi. Alitoka na hereni moja. Aligonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango aliokuwa akiupita miaka mingi. Sisi tukasema ni mawazo ya kitabu. Mtu mwingine yeyote, fundi cherehani au dereva, tungemkimbiza hospitalini. Kwa msanii tuliona ni ufundi.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeona, naye ni Nduku. Mwezi wa Julai mhariri alipiga simu tena, na safari hii hakusifu. Kurasa fulani hazikuwa na maneno hata kidogo, zilitakiwa zijae picha peke yake, mbona zimeachwa wazi nusu? Phoebe alizitazama karatasi zake na kujibu kwa unyonge, "Lakini nimejaza." Baada ya kukata simu alikaa akilia, na hakujua kinachomliza. Nduku alikuwa mlangoni. Tangu siku hiyo, kila akitoka shule, mama yake akiwa jikoni, mtoto huyu alivuta kiti na kumalizia upande wa kushoto. Aliwafuata kuku wa mama yake kalamu kwa kalamu, rangi kwa rangi, akawajaza wateja, mizani na kamba za kutundikia. Phoebe alizikusanya karatasi na kuzituma bila kuona chochote, na mhariri akajibu kwamba sasa zimekaa sawa.

Tarehe 30 Agosti, Jumamosi, Phoebe alianguka pale maktabani kabla hajafungua kitabu, akatetemeka mwili mzima. Alipelekwa hospitalini. Daktari alimpa karatasi na kumwomba achore uso wa saa. Alichora duara zuri la kuvutia, kisha namba zote, kuanzia moja mpaka kumi na mbili, akazibananisha upande wa kulia, na akamrudishia daktari akiwa ameridhika na kazi yake.

Daktari akatugeukia. "Michoro yake ya karibuni ikoje?"

Ndipo Bi Samiha alipojishika kinywa. "Astaghfirullah! Nusu! Wallahi, daktari, sisi tulipiga makofi."

Picha ya ubongo ilionyesha uvimbe upande wa kulia wa kichwa, na daktari akatueleza kwamba upande huo ndio unaoutambua ulimwengu wa kushoto. Macho ya Phoebe yalikuwa mazima. Kushoto kwenyewe ndiko kulikokuwa kumefutika, na aliyefutikiwa hajui kama kuna kitu hakipo. Tulimuuliza daktari kama tungemleta Mei ingekuwaje. Alisema kweli bila kutuficha: uvimbe ulikuwa mkubwa tangu kabla ya karatasi ya kwanza kuachwa wazi, na pengine hata hiyo Mei upasuaji ungekuwa huu huu, na hatari hii hii. Ulipangwa ufanyike Jumatatu, tarehe 15 Septemba.

Haukufanyika. Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025, saa tisa alasiri, Mutua alikuwa akimsimulia jinsi fundi alivyokosea kipimo cha lile dirisha kubwa. Phoebe alicheka, akasema kichwa kimemshika, akafumba macho. Mutua aliendelea kusimulia kidogo kabla ya kujua kwamba anasimulia peke yake. Phoebe ana umri wa miaka thelathini na tisa, na bado tunaandika "ana" kisha tunafuta tunaandika "alikuwa na".

Sasa kuna jambo moja ambalo Bwana Mutua ameomba lisomwe mbele ya kila mtu, na Nduku mwenyewe ameulizwa na kukubali. Tangu siku mama yake alipochora ile saa, Nduku hajashika kalamu ya rangi. Aliyafunga makopo yake ya rangi katika mfuko na kuyatia mvunguni. Usiku wa msiba alimwendea mjomba wake, Ngowa, akamwambia maneno haya: "Mjomba, mimi ndiye niliyemalizia. Ningeacha wazi, mhariri angeuliza tena, na mngejua. Mimi ndiye niliyemficha." Leo asubuhi hakutaka kukaa safu ya mbele na familia. Alisema hana haki ya kukaa hapo.

Tulimweleza aliyoyasema daktari. Tukamweleza pia aliyoyasema mama yake. Hakuamini. Alisema watu wazima huzungumza hivyo ili mtoto anyamaze, na mtoto wa maktaba ya Phoebe Kadzo amefundishwa kutazama kabla ya kusadiki, kwa hivyo hatuwezi kumlaumu. Ndiyo maana yanasomwa hapa, mbele ya watu wanne waliokuwepo na waliosikia: baba yake, mjomba wake, Bi Samiha na daktari, ambaye amekuja na amesimama pale karibu na turubai.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 9 Septemba. Phoebe alitaka kuona kurasa za Bi Sabah, akapelekewa. Mutua alimwekea mmoja mapajani. Akautazama, akasema mhariri alikuwa na haki ya kulalamika, kuku wamejibana, mbona yeye hakuwapa nafasi. Alikuwa bado anaona nusu yake tu. Daktari akaja, akaushika ule ukurasa, akaugeuza juu chini. Basi kushoto kukahamia kulia, na nusu ya Phoebe ikapotea yote, akawa anaona ya mtoto peke yake.

Akainama juu ya karatasi. Upande ule Nduku alikuwa amemchora mama anayenunua kuku, amejifunga leso, kalamu imechomekwa katika nywele, hereni masikio yote mawili.

"Nani kachora huyu?" Phoebe akauliza.

"Mwanao," Mutua akajibu. "Karibu kurasa zote. Alikuwa akizimalizia ukiwa jikoni."

"Miguu ya kuku huyu ni mirefu mno." Akaupitisha mkono juu ya karatasi. "Lakini mimi ndiye huyu. Hivi ndivyo ninavyosimama." Machozi yakamtoka, na akacheka, vyote pamoja. "Kumbe mimi nilikuwa nikiishi nusu, na mtoto alikuwa akinishikia nusu ya pili. Mwambieni hakunificha. Mwambieni aliniona. Na nipeni hiyo simu."

Akampigia mhariri mbele yetu, akamwambia kitabu hakitoki kama hakina majina mawili, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kubishana kuhusu samaki. Nduku alikuwa na mtihani. Ikaamuliwa aletwe Ijumaa asikie kwa kinywa cha mama yake. Ijumaa tulikuwa tumechelewa kwa siku moja, na hilo hatutalizoea.

Phoebe Kadzo ameacha mume, Maxwell Mutua. Baba yake mzazi, Mzee Garama Ngowa. Kaka yake, Ngowa Garama. Mama mkwe, Bi Nduku, na ukoo wote wa Mutua. Rafiki na mwenzake wa kazi, Bi Samiha. Na watoto wa maktaba, ambao mwiko wa ng'ombe sasa uko mikononi mwao.

Ameacha pia binti, Nduku. Mhariri amekuja na jalada la kitabu, limechapwa, nalo litapitishwa safu kwa safu ili kila mtu alione kwa macho yake. Limeandikwa: "Wachoraji: Phoebe Kadzo na Nduku Mutua." Mtu wa kwanza kupewa ni Nduku, kiti chake cha mbele kimewekwa, na hatutashusha jeneza mpaka aje akikalie.

Phoebe, lala salama katika rehema za Mungu. Nusu uliyoiacha ina mwenyewe.